Matroni wa Barafu FC

Hata baada ya kustaafu, watu waliendelea kumwita Matroni. Alisimamia bweni la wasichana katika shule ya sekondari tangu akiwa kijana mpaka nywele zikaota mvi, na kazi ile ikamwingia mwilini. Akikaribishwa nyumba ya watu, kabla hajaketi macho yake yalikwisha kagua kama mapazia yamefuliwa, kama vitanda vimetandikwa, na kama kuna mtu humo ndani ambaye hajala. Sauti yake ilikuwa ya chini, na wasichana waliiogopa kuliko ya mkuu wa shule aliyekuwa akifoka kutwa kucha. Mumewe alikwisha kufariki. Mtoto aliyekuwa naye ni mmoja tu, binti, na binti huyo aliolewa na fundi wa mafriji.

Fundi alikuwa mtu wa watu. Angeweza kukaa na mteja saa nzima wakizungumzia friji lisilogandisha, na mteja akaondoka anacheka ingawa friji bado haligandishi. Lakini mbele ya mama mkwe wake ulimi ulimwisha nguvu. Alimwamkia kichwa kimeinama, akauliza habari za safari, akauliza habari za afya, na baada ya hapo maneno yakakauka kama bomba siku ya mgao. Matroni naye hakuwa na la kumwambia. Hakumchukia hata kidogo. Alimwona kijana mwenye adabu, asiye na makuu, anayempenda mwanawe. Ila heshima iliyokuwa kati yao ilikuwa nzito kama kabati la mninga, na hakuna aliyejua ashike wapi ili waisogeze. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli jikoni.

Mimba ya binti ilingojewa kwa muda mrefu, na ilipokuja ilikuja na masharti. Daktari alisema kondo la nyuma limekaa chini, mlangoni kabisa, na damu inaweza kumwagika wakati wowote. Kwa hiyo alazwe hospitalini mpaka ajifungue, asinyanyue hata jagi la maji, asitembee ila kwenda msalani. Matroni alipopata habari hakuuliza mara mbili. Alifunga nyumba yake, akamwachia jirani ufunguo, akapanda basi.

Alikuta nyumba ya vyumba viwili na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa karakana. Kompresa mbili zilikaa chini ya dirisha. Mabomba ya shaba yamezungushwa kama nyoka waliolala, mtungi wa gesi uko nyuma ya mlango, na makochi yalinukia mafuta ya mashine. Alikusudia kupika, kufua, kupeleka chakula wodini na kukaa kimya chake mpaka mjukuu azaliwe.

Mpango huo ulivunjika pamoja na mkono wa Fundi. Wiki ileile aliyofika Matroni, Fundi alipanda ngazi kwenye bucha moja kufunga feni ya chumba cha baridi, ngazi ikateleza kwenye sakafu yenye mafuta. Akajikinga kwa mikono yote miwili. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, na vidole vitatu vya kushoto. Alirudi nyumbani mikono yote imefungwa na kuinuliwa mbele ya kifua, kama mtu aliyekamatwa na askari akaambiwa asitikisike.

Suala la kuoga na kuvaa lilitatuliwa haraka. Jirani yao, kinyozi mwenye chumba cha biashara mlango wa pili, alijitolea kuja asubuhi na jioni. Suala la kula ndilo lililoleta kazi. Kinyozi alikuwa na wateja wake mchana, na uji haungojei mtu. Siku ya kwanza Matroni aliweka bakuli mezani, akageuka kujifanya anatafuta chumvi. Alipotupa jicho la pembeni alimwona mkwe wake ameinama, ameingiza mdomo bakulini, pua imechovya kwenye uji, masikio yamemwiva kwa aibu.

Matroni alivuta kiti, akakaa mbele yake, akachukua kijiko.

"Fungua mdomo, baba."

"Mama, haifai…"

"Nimelisha wasichana wengi waliovunjika mikono, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa aibu. Fungua."

Fundi akafumba macho, akafungua mdomo. Alikula bakuli zima macho yamefumbwa, kama mtu anayechomwa sindano. Matroni alimlisha akitazama ukutani. Walipomaliza walishukuriana kwa adabu kubwa, kila mtu akaenda zake.

Jioni moja, baada ya kutoka kumwona mgonjwa, Matroni alisikia sebuleni mlio kama wa ndege anayedonoa kioo. Alichungulia. Fundi alikuwa amelaza simu mezani na anaibonyeza kwa ncha ya pua. Anabonyeza, anainua kichwa, anatazama, anasonya, anabonyeza tena. Roho ya Matroni ikaruka, akidhani ni ujumbe kutoka wodini.

"Kuna nini? Wamepiga simu?"

Fundi alishtuka hadi kiti kikalia. Akasema hapana, mama, hakuna kitu, ni mambo ya mchezo tu. Alipoona mama mkwe haondoki, alijieleza huku amekodolea sakafu. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni wa kuendesha timu ya mpira. Si mchezo wa kupiga mpira kwa vidole kama wa watoto, alisema haraka, akitaka aeleweke asije akadharauliwa. Ukiingia unapewa klabu, nawe ndiye kocha, ndiye meneja, ndiye mhasibu. Wachezaji si watu wa kweli. Mtambo unawabuni, unawapa umri, mshahara na vipaji, nawe ukitaka unawabatiza majina. Mechi zinajiendesha zenyewe mara mbili kwa wiki, na wapinzani ni watu halisi, mmoja yuko huku na mwingine yuko kule, wengi hamtaonana maishani. Kazi yako ni kupanga kikosi, kununua na kuuza, kupanga bei ya tiketi na kuhakikisha kila Jumatatu mishahara imelipwa. Klabu yake iliitwa Barafu FC. Ilikuwa daraja la tatu, na leo ilitakiwa kutaja kikosi, na pua yake ilikuwa imemchagua golikipa acheze namba tisa.

Matroni hakucheka, ingawa alitaka. Alivaa miwani, akaketi.

"Nibonyeze wapi?"

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye uongozi wa klabu, kama karani wa vidole. Mwanzoni alibonyeza alichoambiwa bila kuuliza. Lakini mtu aliyekaa miaka yote ile akisimamia watoto wa watu hawezi kutazama orodha ya vijana ishirini na wawili asiulize habari zao. Jioni ya pili alitaka kujua kwa nini beki wa kushoto, kijana wa miaka kumi na saba, ana alama nyekundu. Fundi akamwambia ni uchovu. Matroni akauliza kama amechoka, mbona anapangwa kila mechi? Fundi akasema kwa sababu ni mzuri. Matroni akamtazama juu ya miwani, mtazamo uleule uliowahi kunyamazisha bweni zima.

"Mtoto mzuri ndiye anayeonewa na kila mwalimu," alisema. "Mpumzishe."

Wakampumzisha. Wakafungwa mechi hiyo mabao mawili, na Fundi alivuta pumzi kwa namna ambayo Matroni aliielewa vizuri sana. Mechi iliyofuata kijana alirudi ana nguvu, akatoa pasi mbili za mabao, na zamu hii aliyevuta pumzi ni Matroni.

Golikipa, Fundi alikuwa amembatiza Mlango Wazi, na sababu haikuhitaji maelezo. Nahodha aliitwa Babu Kaa Nyumbani, kwa kuwa alikuwa na miaka thelathini na sita na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetafuta miwani yake. Mshahara wake ulikuwa mkubwa, na Fundi alitaka mkataba wake uvunjwe. Hapo ndipo waligombana kwa mara ya kwanza tangu wawe mtu na mkwewe. Matroni alikuwa amegundua kwamba siku Babu akikaa benchi, ari ya vijana wote inashuka. Alisema kila bweni lina dada mkubwa mmoja ambaye hafaulu mitihani lakini akiondoka watoto wanaanza kulia usiku. Fundi akasema huu ni mpira, mama, si bweni, na klabu haiwezi kulipa mshahara wa kubembeleza. Walibishana mpaka chai ikapoa. Walipogundua kwamba wamebishana, na kwamba Fundi alikuwa amesema "sikubaliani na wewe" mbele ya mama mkwe, Fundi akaanza kucheka, na Matroni akacheka hadi akavua miwani. Babu alibaki.

Tangu hapo njia ya kwenda hospitalini ikawa fupi. Zamani walitembea mmoja mbele mwingine nyuma, Matroni na kikapu chake, Fundi na mikono yake. Sasa walikwenda bega kwa bega wakipiga hesabu za tiketi. Binti aliwapokea akiwa amelala ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa, miguu imeinuliwa juu ya mto, akawasikiliza kwa macho makubwa. Alikuwa ameishi na watu hawa wawili, mmoja kwa kuzaliwa na mwingine kwa ndoa, na hajapata kusikia wakisemezana zaidi ya salamu.

"Mama, umeanza kucheza gemu?" aliuliza.

"Sichezi. Namsaidia mumeo asiue watoto wa watu kwa kazi."

Binti akaanza kucheka, nesi akaja mbio kumkumbusha kwamba kucheka kwa nguvu hakuruhusiwi, jambo lililomfanya azidi kucheka mpaka akaziba mdomo kwa shuka.

Shida ya Barafu FC ilikuwa fedha. Akaunti ya klabu ilikuwa chini ya sifuri, na kanuni za mchezo hazikuwa na huruma: klabu ikifika mwisho wa mwezi bado inadaiwa, waendeshaji wanaichukua na kuwapiga mnada wachezaji wote. Matroni alipouliza deni limetoka wapi, Fundi alitazama kompresa zake. Alikuwa amemnunua mshambuliaji mmoja kwa bei ya kufa mtu, kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye kasi. Mshahara wake peke yake ulikula robo ya mapato. Matroni alisogeza kidole kwenye orodha hadi kwenye jina. Fundi alikuwa amembatiza Kifungua Mimba.

Matroni alisoma, akapita. Alidhani ni masihara ya kijana anayengoja mtoto wa kwanza, akaona si vizuri kumtania mkwe kwa jambo kama lile. Walipunguza bei ya tiketi ili uwanja ujae, wakauza viungo wawili waliokuwa wanakaa benchi bure, wakakata matumizi ya hapa na pale. Shimo likapungua lakini halikuzibika. Kila Matroni alipopendekeza mshambuliaji yule auzwe, Fundi alisema tusubiri kidogo, mama, tusubiri. Akabadilisha mazungumzo.

Kisha ikafika asubuhi ambayo simu iliita kweli kutoka wodini. Damu ilikuwa imetoka.

Kinyozi alifunga duka lake mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, akawapeleka kwa pikipiki yake, kwanza Fundi, kisha akarudi kumchukua Matroni. Walimkuta binti ameingizwa chumba cha pembeni, mlango umefungwa. Daktari akatoka akasema wanajitahidi kuizuia damu, mapigo ya moyo ya mtoto bado yanasikika, na kila siku mtoto atakayobaki tumboni ni faida, lakini wakae tayari kwa upasuaji. Mmoja wao akae pale, mwingine akalete nguo na vitu vya mama. Fundi hakutikisika kwenye benchi. Matroni akarudi nyumbani.

Alikuwa anakunja kanga na mashuka alipoisikia simu ya Fundi ikilia ndani ya mkoba wake. Tangu awe karani wa vidole, simu hiyo ilikaa kwa Matroni, maana mwenyewe hakuweza kuishika. Aliifungua haraka, akidhani ni hospitali. Ilikuwa mchezo. Klabu moja ya daraja la pili ilikuwa imeweka dau kwa ajili ya Kifungua Mimba, dau kubwa, zaidi ya alivyonunuliwa, na lingekwisha muda wake kabla ya jioni. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi.

Matroni alikaa ukingoni mwa kitanda, kanga begani. Hakuwa na namna ya kumpigia mtu ambaye simu yake anayo yeye. Akamfikiria yule kijana kwenye benchi, mikono imefungwa, hawezi hata kushika tama. Akaona hapa kuna tatizo moja kati ya matatizo yake yote ambalo mtu anaweza kuliondoa kwa kidole. Alikuwa amemsikia akisema mara nyingi kwamba dau zuri halichezewi. Akabonyeza kukubali. Akaunti ya Barafu FC ikapanda juu ya sifuri kwa mara ya kwanza tangu ajiunge nayo, na Matroni akafunga mkoba, moyo umepata nafuu kidogo.

Alipofika hospitalini damu ilikuwa imetulia. Binti amelala, rangi imemtoka, lakini anapumua vizuri, na upasuaji umepangwa kesho asubuhi. Matroni alimshukuru Mungu, akaketi kando ya mkwe wake kwenye korido, na alipoona ameduwaa akafikiri ampe habari ya kumchangamsha. Akamwambia klabu imepona. Akamwambia bei.

Fundi aligeuka taratibu. "Umemuuza?"

"Dau lilikuwa linaisha."

Fundi aliinuka, akatembea hadi mwisho wa korido kwenye dirisha linalotazama mahali pa kuanikia mashuka, akasimama amewapa watu mgongo. Mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio.

Matroni aliujua mgongo ule. Aliuona kwenye madirisha ya bweni mwaka baada ya mwaka, kwa wasichana waliopata barua ya msiba, kwa wasichana ambao wazazi hawakuja siku ya kutembelewa. Ndipo jina la yule mshambuliaji lilipomrudia lote, na maana yake yote. Alijua pia neno ambalo hatakiwi kulisema. Hakuna msichana aliyewahi kunyamazishwa kwa kuambiwa kwamba anacholilia ni kitu kidogo.

Alikwenda akasimama karibu naye, naye akatazama mashuka.

"Siku tuliyoambiwa ana mimba ndiyo siku niliyomnunua," Fundi alisema bila kugeuka. "Najua ni upuuzi, mama. Mtu mzima na akili zangu. Lakini nilijiambia, ilimradi yule yuko uwanjani, na huku mambo yatakwenda salama. Akifunga bao nasema mtoto amepiga teke. Sasa leo damu imetoka, na leo hiihii ameondoka."

Jambo alilolisema Matroni baada ya hapo hakuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa marehemu mumewe, hata binti hakulijua vizuri. Alisema kabla ya binti huyu alikuwa na mwingine, wa kiume. Alipokuwa na mimba yake alimfumia sweta la manjano, mapema kabisa, mimba ikiwa ya miezi minne. Mwanamke mmoja akamwonya kwamba kumshonea mtoto kabla hajaja ni kumfukuza. Akacheka, akaendelea kufuma. Mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, akaishi juma moja.

"Nikasema ni sindano zangu," alisema. "Miaka kumi, baba. Nililea watoto wa watu usiku na mchana huku nasema ni sindano zangu. Mpaka daktari mmoja mzee alipokaa na mimi akanieleza mapafu yanavyokomaa, ndipo nikajua kwamba mwanangu hakufukuzwa na mtu. Sweta halikuua mtoto. Na kidole changu hiki hakikumuuza wako."

Fundi akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, na mikono yake haikuweza kumsaidia. Machozi yalimteremka hadi kidevuni, kamasi zikafuata, naye anageuza uso huku na huku asijue autie wapi. Matroni akatoa leso kifuani. Akamfuta macho, akamfuta mashavu, akamshikia pua akamwambia apenge, naye akapenga. Nesi aliyekuwa anapita na toroli la dawa akageuza macho upande wa pili.

Hawakurudi nyumbani siku hiyo. Kinyozi aliwaletea chai na mkate, akashika kikombe cha Fundi bila kuambiwa.

Asubuhi walimchukua binti. Alipopitishwa mbele yao juu ya kitanda cha magurudumu, aliwatazama wote wawili, akamwuliza mumewe kwa sauti ya usingizi kama Babu ataanza mechi ya leo. Fundi akasema ataanza. Binti akasema vizuri, mlango ukafungwa.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama mkate, mwenye hasira. Walimsikia kabla ya kumwona. Alilia mfululizo kutoka chumba cha upasuaji hadi chumba cha joto, na daktari alipotoka alisema kilio kile ni muziki, mapafu yanafanya kazi. Matroni aliketi ghafla mahali ambapo hapakuwa na kiti, kinyozi akamdaka.

Binti alipata nguvu taratibu, na mtoto alikaa kwenye chumba cha joto zaidi ya mwezi. Fundi alisimama nje ya kioo kila siku, paji la uso limegusa kioo, mpaka pakabaki alama ambayo wafagiaji walichoka kuifuta. Siku plasta ilipotolewa, mikono yake ilitoka myeupe na myembamba. Nesi alimnawisha kwa sabuni mara tatu, akamwekea mwanawe kifuani ndani ya shati. Fundi hakuthubutu kupumua. Mtoto alitafuta kidogo kwa mdomo, hakupata kitu cha maana, akalala.

Barafu FC haikupanda daraja wala haikushuka. Ilimaliza katikati, haina deni. Babu Kaa Nyumbani alistaafu mwisho wa msimu, mtambo ukampa kazi ya kufundisha vijana. Na yule aliyemnunua Kifungua Mimba alituma ujumbe wenye malalamiko, ambao Matroni aliusoma kwa sauti wodini: "Kocha, umeniuzia gunia la mchanga. Tangu amekuja hajafunga hata bao moja, na mshahara anachukua." Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwomba Matroni amjibu kwa upole kwamba kijana ni mgeni, ampe muda azoee.

Matroni alikaa nao mpaka shingo ya mtoto ilipokaza, kisha akasema sasa inatosha, nyumba yangu itaota ukungu. Siku ya kuondoka Fundi alimpeleka stendi, akamtafutia kiti cha dirishani, akabaki amesimama chini ya dirisha hilo wakizungumza mpaka dereva akapiga honi mara ya pili.

Nyumbani kwake alikuta kimya. Alifungua madirisha, akafuta vumbi, akatandika kitanda ambacho kilikuwa kimetandikwa. Siku chache alijishughulisha na bustani na kumtembelea jirani aliyemwachia ufunguo. Kisha jioni moja alivaa miwani, akachukua simu yake, akaingia kwenye ule mchezo akajiandikisha mwenyewe, polepole, akisoma kila neno. Mtambo ulimpa klabu ya daraja la chini kabisa, wachezaji ambao hakuna aliyewataka, na fedha za kuanzia ambazo alizigawa vizuri kuliko wengi. Aliwapumzisha waliochoka. Alisaini kila mwenye umri wa miaka thelathini na tano ambaye klabu iliweza kumlipa. Mwishoni mwa msimu alipanda.

Sasa kila Jumapili baada ya chakula cha mchana simu yake inaita, na jirani zake wamezoea kutomsumbua saa hiyo. Binti anasalimia kwanza, anamweleza mama habari za kazini na za shingo inayomuuma kwa kunyonyesha, kisha anasema haya, mwenzako anakodoa macho, namkabidhi simu. Fundi anaanza na soko la wachezaji. Anataka beki wake wa kati, Matroni hauzi. Anaongeza dau, Matroni anamwambia akamnunulie mtoto viatu. Wanabishana juu ya vijana wasiokuwepo duniani, umri wao, mikataba yao, nani ari yake imeshuka na kwa nini.

Jumapili iliyopita, katikati ya ubishi, mtoto alikohoa upande wa pili. Mara moja, kisha mara mbili, kisha kwa mfululizo. Matroni alisikia hatua za Fundi zikienda, godoro likilia, maneno ya chini asiyoyashika. Alingoja, simu sikioni, mkono mwingine juu ya meza. Kikohozi kikapungua. Kikatulia. Akasikia pumzi ndogo, karibu kabisa na simu, zinaingia na kutoka.

"Amelala tena," Fundi alinong'ona.

"Mwache hapohapo kifuani," Matroni alinong'ona naye. "Usimlaze bado."

Wakakaa hivyo, kila mmoja kwao, bila kukata simu.